Mbio Fupi za Viunzi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanariadha wa Nairobi

Ukurasa huu unahusu mita 110 viunzi kwa wanaume na mita 100 viunzi kwa wanawake, kuanzia mazoezi ya kwanza hadi kuishi kwa mchezo huu katika mashindano ya kimataifa. Mita 400 viunzi ni kazi nyingine yenye mahitaji yake, na tumeigusa pale tu inapobidi.

Vipimo vya mbio hizi ni vipi hasa?

Wanaume huruka viunzi 10 vyenye kimo cha mita 1.067. Kutoka mstari wa kuanzia hadi kiunzi cha kwanza ni mita 13.72, kati ya kiunzi na kiunzi ni mita 9.14, na kutoka kiunzi cha mwisho hadi utepeni ni mita 14.02. Wanawake wana viunzi 10 vya mita 0.838: mita 13 hadi cha kwanza, 8.50 kati yake, na 10.50 za kumalizia. Wavulana wa chini ya miaka 20 hutumia kimo cha mita 0.991, wa chini ya 18 hutumia 0.914, na wasichana wa chini ya 18 hutumia 0.762.

Ndani ya ukumbi, wakati wa majira ya baridi Ulaya na Marekani, mbio ni za mita 60 na viunzi 5, kwa nafasi zilezile za kuanzia na za katikati.

Kwenye viwanja vya tatani (sakafu ya mpira ya kukimbilia), alama za mita 100 viunzi huwa za manjano na za mita 110 huwa za buluu. Hata hivyo, beba utepe wa mita 30 upime. Alama hufutika, uwanja hupakwa rangi upya, na mwanariadha aliyezoea nafasi iliyokosewa kwa sentimita 15 hugundua kosa hilo siku ya mashindano, kiunzi kikiwa si pale mwili wake unapokitarajia.

Tazameni Kenya ilivyo: tuna historia yoyote katika mbio hizi?

Tunayo, ila haisimuliwi vya kutosha. Fatwell Kimaiyo alishinda dhahabu ya mita 110 viunzi katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch mwaka 1974, kwa sekunde 13.69. Katika mita 400 viunzi, marehemu Nicholas Bett alikuwa bingwa wa dunia Beijing mwaka 2015 kwa 47.79, na Boniface Mucheru akapata fedha ya Olimpiki Rio mwaka 2016. Jirani yetu John Akii-Bua wa Uganda aliweka rekodi ya dunia ya 47.82 katika mbio hizo mwaka 1972, Munich.

Kwa mbio fupi zenyewe, Afrika iko kileleni: rekodi ya dunia ya mita 100 viunzi, sekunde 12.12, ni ya Mnigeria Tobi Amusan, aliyoiweka Eugene, Marekani, tarehe 24 Julai 2022. Rekodi ya wanaume ni 12.80 ya Mmarekani Aries Merritt, Brussels 2012. Na wakazi wa Nairobi wamewahi kuona rekodi ikivunjwa mbele yao: mwaka 2021, katika mashindano ya dunia ya chini ya miaka 20 uwanjani Kasarani, Mfaransa Sasha Zhoya alikimbia mita 110 kwa viunzi vya vijana kwa sekunde 12.72, rekodi ya dunia ya umri huo.

Kinachokosekana hapa ni mbio zenyewe. Mwanariadha wa viunzi Marekani hushindana mara nyingi kwa msimu mmoja, ndani ya ukumbi na nje, huku wa kwetu akipata nafasi chache. Ukisoma majibu yaliyobaki, utaona jambo hili likirudi tena na tena, kwa sababu ndilo linaloamua taaluma nyingi za hapa.

Binti yangu ana miaka 13. Aanze sasa au angoje?

Aanze, kwa viunzi vya chini. Sentimita 50 hadi 60 zinatosha, na nafasi ya katikati ipunguzwe mpaka aweze kukimbia hatua tatu kati ya kiunzi na kiunzi bila kunyoosha miguu kupita kiasi. Kwa watoto wengi wa umri huo nafasi hiyo huwa kati ya mita 6.50 na 7.50. Asipofikisha hatua tatu, sogeza kiunzi. Usimwambie ajitahidi zaidi. Mtoto anayelazimishwa kufikia nafasi ndefu hujifunza kuruka juu kama mbuzi, na tabia hiyo huchukua miaka kuondoka.

Afundishwe pia kuruka kwa miguu yote miwili, wa kulia ukiongoza na wa kushoto ukiongoza. Itamsaidia nyonga zote mbili, na siku akitaka kuhamia mita 400 viunzi, anakokutana na mabadiliko ya idadi ya hatua, atakuwa tayari.

Kwa nini makocha hawaachi kusema “hatua tatu”?

Kwa sababu mbio zote zimejengwa juu yake. Kati ya viunzi, kila mtu, bingwa au mwanafunzi, anapiga hatua tatu. Hawezi kuongeza hatua ndefu kama mkimbiaji wa mita 100, kwa maana nafasi haibadiliki. Anachoweza ni kuzipiga upesi zaidi. Hivyo mshindi ni yule ambaye mguu wake hukaa muda mfupi zaidi ardhini na ambaye hapotezi muda hewani juu ya kiunzi.

Tazama hesabu ya mwanamume. Anaruka akiwa mita 2.0 hadi 2.2 kabla ya kiunzi, anatua mita 1.2 hadi 1.4 baada yake. Zinabaki takriban mita 5.7 za hatua tatu. Ya kwanza, ya kutoka kiunzini, ni fupi. Ya pili ndiyo ndefu. Ya tatu hufupishwa kidogo ili kiwiliwili kiwe juu ya mguu wa kurukia. Ukiisikiliza kwa sikio utasikia mdundo: ta, taa, ta. Kocha mzuri hufumba macho na bado anajua ni kiunzi gani mwanariadha amekosea.

Nitumie hatua 7 au 8 kufika kiunzi cha kwanza?

Wanawake karibu wote hutumia 8. Kwa wanaume, hatua 7 zilienea baada ya Dayron Robles wa Kuba kuweka rekodi ya 12.87 mwaka 2008. Aries Merritt alibadili kutoka 8 kwenda 7 kabla ya msimu wa 2012, mwaka aliotwaa dhahabu ya Olimpiki na kuweka rekodi.

Usibadili kwa sababu bingwa amebadili. Hatua 7 zinahitaji nguvu nyingi za kusukuma kutoka kwenye bloku za kuanzia, na kwa kawaida humfaa mrefu au mwenye miguu yenye nguvu sana. Kipimo ni rahisi: ukifika kwa 8 na hatua mbili za mwisho zinabanana mpaka unapunguza kasi, jaribu 7. Ukifika kwa 7 na hatua za mwisho unazivuta kwa kunyoosha mguu mbele, rudi kwenye 8.

Kumbuka kubadili na bloku. Mwenye hatua 8 huweka mbele mguu anaorukia. Mwenye 7 huweka mbele mguu unaoongoza juu ya kiunzi. Wengi hupunguza hatua wakasahau miguu, kisha wakashangaa kwa nini wanafika kiunzini na mguu usio wao. Mabadiliko haya yanahitaji miezi minne hadi sita ya mazoezi nje ya msimu. Usiyafanye wiki tatu kabla ya majaribio ya taifa.

Nairobi nifanyie mazoezi wapi, na kama hakuna viunzi?

Viwanja vyenye tatani ni pamoja na Nyayo, Kasarani, na Ulinzi Sports Complex kule Lang'ata. Ulizia ratiba mapema, kwa kuwa viwanja hufungwa kwa ukarabati, mechi za kandanda na sherehe za kitaifa. Vyuo vikuu na baadhi ya shule zina nyasi nzuri, nazo nyasi zinatosha kabisa kwa kazi ya miezi ya mwanzo wa msimu. Kwenye murramu, fanya kazi ya mbio tu; usiruke viunzi virefu, kwani mguu wa kurukia huteleza na ukianguka changarawe huchuna goti vibaya.

Viunzi vya mazoezi unaweza kutengeneza. Bomba moja la PVC la inchi moja lenye urefu wa mita 6 linatosha kiunzi kimoja cha wanawake. Kata vipande viwili vya sentimita 110, kimoja cha juu na kimoja cha kuimarisha katikati; vipande vinne vya takriban sentimita 40 kwa nguzo mbili; na vipande viwili vya sentimita 60 kwa nyayo. Utahitaji elbo 4, tii 2 na vifuniko 2. Nguzo hukatwa katikati ili tii zipite na kushika kipande cha pili. Gundi kila kitu isipokuwa elbo mbili za juu: ukigonga kwa nguvu, bomba la juu litachomoka lenyewe badala ya kukuangusha. Tia mchanga kidogo kwenye nyayo, kisha funika. Mchanga ukizidi kiunzi hakianguki, na hapo umejitengenezea mtego. Zungusha sponji kwenye bomba la juu.

Jambo moja halina mjadala: nyayo za kiunzi huelekezwa upande mwanariadha anakotoka. Kiunzi kikigongwa kutoka upande huo hulala mbele. Ukikiruka kutoka upande wa pili, nyayo hukizuia kulala, nawe ndiwe unayeanguka. Watoto wakirudi mwanzo wa mstari, wapite pembeni, wasiruke wakirudi.

Na ukitumia viunzi rasmi vya chuma, hamisha vizani (vyuma vya uzito vilivyo kwenye nyayo) kila unapobadili kimo. Kiunzi cha mashindano kina uzito usiopungua kilo 10 na hurekebishwa ili kilale kwa nguvu ya kilo 3.6 hadi 4. Vizani vikiachwa mahali pasipofaa, kiunzi ama huangushwa na upepo au hugoma kulala kinapogongwa.

Wiki ya mazoezi inaonekanaje?

Kwa mwanariadha aliyekomaa, karibu na msimu, mpangilio unaofaa ni siku mbili za viunzi, siku moja ya kasi tupu bila viunzi, siku mbili za gimu, na siku mbili za mwendo mwepesi au mapumziko.

Siku ya kwanza ya viunzi ni ya kuanza: bloku, kiunzi cha 1 hadi cha 3, mara 6 hadi 8, ukipumzika dakika 5 hadi 7 kila mara. Siku ya pili ni ya mdundo: viunzi 6 hadi 8, mara 4 au 5, nafasi ikiwa imefupishwa. Mwanamume aweke mita 8.80 badala ya 9.14, kwa kimo cha 0.991, mwanamke aweke 8.20 badala ya 8.50, kwa kimo cha 0.762. Sababu ya kufupisha ni hii: siku ya mashindano una msisimko, wapinzani na pengine upepo wa nyuma, na unafika kiunzini haraka kuliko mazoezini. Ukijizoeza nafasi kamili tu, miguu yako haitawahi kuonja kasi ile.

Jumla ya kuruka kwa siku isizidi viunzi 60. Baada ya hapo mguu wa kurukia umechoka, unaanza kurukia karibu, na unachojifunza ni makosa.

Nagonga viunzi kila mara. Kosa liko wapi?

Angalia alama za michubuko kwanza, zitakwambia mengi.

Ukigonga kwa kisigino au nyuma ya paja la mguu unaoongoza, huenda unarukia karibu mno. Weka alama ya chaki mita 2 kabla ya kiunzi (mwanamke mita 1.95 hivi) umwambie mwenzako arekodi kwa simu. Mara nyingi chanzo si kiunzi unachogonga, bali kilichotangulia: ulitua vibaya, ukavuta hatua ndefu kufidia, ukasukumwa hadi chini ya kiunzi. Dawa ni kufupisha hatua ya tatu na kuipiga chini ya nyonga.

Ukigonga kwa goti au upande wa ndani wa kifundo cha mguu unaofuata (ule uliorukia), goti lako linashuka mapema. Mguu huo upite pembeni goti likielekea kwapani, vidole vya mguu vimeinuliwa. Vidole vikining'inia, hata sentimita 3 zinatosha kugonga. Fanya zoezi la kutembea pembeni mwa kiunzi ukivusha mguu huo peke yake, mara 10 kila upande, kabla ya kila mazoezi.

Ukiinua mguu unaoongoza ukiwa umenyooka, unazunguka kama mlango na bega linageuka. Goti litangulie, halafu unyayo. Mkono wa upande wa pili usivuke katikati ya kifua.

Kosa linaloumiza zaidi mbio, lakini halionekani kwa haraka, ni kutua kwa kisigino mbele ya mwili. Hakuna kiunzi kinachoanguka, hakuna anayeona, ila kila kutua ni breki. Mwanariadha wa namna hii hukimbia vizuri hadi kiunzi cha 5, kisha kuanzia cha 6 au 7 hatua hazifiki tena. Husema “sina stamina” akaongeza mbio ndefu, ilhali anachohitaji ni kuinamisha kiwiliwili zaidi juu ya kiunzi na kutua kwa unyayo wa mbele, nyonga zikiwa zimepita mguu.

Pima muda wa kutua baada ya kila kiunzi. Simu inayorekodi picha 60 kwa sekunde inatosha, kwani kila picha ni takriban sekunde 0.017. Mwanamume wa sekunde 14.00 hutua baada ya kiunzi cha kwanza kwa 2.7, hutumia wastani wa 1.10 kwa kila nafasi, na 1.4 mwishoni. Wa sekunde 13.00 anatumia karibu 2.55, halafu wastani wa 1.01. Mwanamke wa 13.00 ana karibu 2.6, wastani wa 1.03, na 1.13 mwishoni. Andika namba zako kwenye daftari. Nafasi ambako muda unapanda ghafla ndiko pa kufanyia kazi.

Mwinuko wa Nairobi unanisaidia au unanidanganya?

Vyote viwili. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mbio fupi huwa za kasi zaidi. Muda uliokimbiwa mahali palipo juu ya mita 1,000 huwekewa alama ya A kwenye orodha za dunia. Ni halali, lakini kila mtu anajua maana yake.

Kwa mruka viunzi kuna la ziada. Hewa nyepesi hukusukuma karibu na kiunzi, unazoea hatua zilizobanwa. Ukishuka hadi Monaco au Rabat, unahisi viunzi vimesogezwa mbali. Havijasogezwa. Fika siku kadhaa mapema, fanya walau mazoezi mawili ya viunzi kwa nafasi kamili, ubongo upate kurekebisha.

Upepo wa nyuma ni vivyo hivyo. Kikomo ni mita 2.0 kwa sekunde, na kipima upepo hurekodi kwa sekunde 13 baada ya bastola. Katika fainali ya Eugene mwaka 2022 Amusan alikimbia 12.06, lakini upepo ulikuwa 2.5, ndiyo maana rekodi inabaki 12.12 ya nusu fainali siku hiyohiyo.

Nikiangusha kiunzi nitaondolewa?

La, ukiangusha bila kukusudia unaendelea. Unaondolewa ukikisukuma kwa mkono, ukipitisha mguu kando ya kiunzi chini ya kimo chake, ukitoka nje ya leni yako na kumzuia mwingine, au ukikiangusha kwa namna inayomkwaza jirani. Mwaka 2011 mjini Daegu, Robles alimaliza wa kwanza kwenye mashindano ya dunia, akavuliwa ushindi kwa kugusana na Liu Xiang katika viunzi vya mwisho. Dhahabu ikaenda kwa Jason Richardson.

Kuanza mapema ni mara moja tu. Kompyuta ya bloku ikionyesha umesukuma chini ya sekunde 0.100 baada ya bastola, unatoka. Mmarekani Devon Allen aliondolewa katika fainali ya dunia ya Eugene mwaka 2022 kwa 0.099.

Nahitaji muda gani kufika Olimpiki?

Kwa Paris 2024 kiwango kilikuwa 13.27 kwa wanaume na 12.77 kwa wanawake, nafasi 40 kwa kila mbio, na nchi moja isizidi watatu. Kwa mashindano ya dunia ya Tokyo 2025 wanaume walibaki na 13.27, wanawake wakawekewa 12.73. Viwango hubadilika kila awamu, kwa hiyo fuata tangazo la World Athletics, shirikisho la riadha la dunia.

Njia ya pili ni orodha ya dunia inayowapanga wanariadha kwa alama, na hii ndiyo ya kusoma kwa makini. Wastani wa alama zako tano bora huchukuliwa. Kila alama ni muda uliokimbia pamoja na alama za nafasi uliyomaliza, na alama za nafasi hutegemea hadhi ya mashindano. Ubingwa wa taifa una alama zaidi ya mkutano wa wikendi. Mashindano ya Continental Tour (mfululizo wa mikutano ya World Athletics) ya daraja la dhahabu, kama Kip Keino Classic ya hapa Nairobi, yako juu zaidi. Mbio za mita 60 viunzi ndani ya ukumbi nazo huhesabiwa.

Mwenye mbio tatu tu kwa mwaka hana wastani wa mbio tano, hata awe hodari namna gani. Panga msimu kwa kurudi nyuma: andika tarehe ya mwisho wa kufuzu, tafuta mbio nane au tisa zenye hadhi, ujue ni zipi utazifikia kwa matatu na zipi zinahitaji viza. Kwa mashindano ya mwaliko, hakikisha mbio zako zimo kwenye programu mwaka huo kabla ya kukata tiketi.

Pesa zinatoka wapi?

Kwa wengi hapa nchini, zinatoka kwanza kwenye ajira: Jeshi la Ulinzi, Huduma ya Polisi na Magereza huajiri wanariadha, na mshahara huo hulipa kodi ya nyumba wakati mbio hazilipi. Kisha kuna zawadi. Katika Olimpiki ya Paris, World Athletics ililipa kila bingwa wa riadha dola 50,000, wakiwemo Grant Holloway na Masai Russell katika viunzi. Dhahabu ya mashindano ya dunia ni dola 70,000. Mikutano midogo ya Ulaya hulipa watatu au watano wa kwanza tu, na kiasi hicho mara nyingi hakifidii nauli. Mtu asikudanganye kwamba mwaka wa kwanza Ulaya ni wa kuvuna.

Wakala awe na leseni ya World Athletics. Jina lake lithibitishe kwenye orodha rasmi, na ofisi za Athletics Kenya, Riadha House karibu na Nyayo, zinaweza kukueleza utaratibu. Desturi ni asilimia 15 ya zawadi na ada ya kushiriki. Mkataba uwe wa maandishi, wenye muda wa kuisha, na useme pesa zinapitia akaunti ya nani. Ukiambiwa uache pasipoti yako kwa mtu “aitunze”, kataa.

Ufadhili wa chuo Marekani unafaa?

Kwa mruka viunzi wa kutoka hapa, tunaona ndiyo njia bora kuliko zote, kwa sababu inatoa kile tulichosema kinakosekana: mbio nyingi, ukumbi wakati wa baridi, kocha wa viunzi peke yake, na digrii. Tuma video mbili fupi, moja ya pembeni katika kiunzi cha kwanza hadi cha tatu na moja ya mbio nzima, pamoja na muda wa kielektroniki na kipimo cha upepo. Muda wa saa ya mkono hauwasaidii makocha wa kule.

Kupimwa dawa kunanihusu vipi kama mimi si wa masafa marefu?

Kunakuhusu sawasawa. Kenya imo katika kundi A la nchi zinazofuatiliwa zaidi, na mwanariadha wa kundi hilo hastahili kushiriki Olimpiki au mashindano ya dunia bila kupimwa angalau mara tatu nje ya mashindano, bila taarifa, ndani ya miezi 10 kabla, vipimo vikipishana wiki tatu au zaidi. Wanigeria 10 walizuiwa Tokyo mwaka 2021 kwa sababu ya sharti hili, bila hata mmoja wao kuhitaji kutumia chochote. Mara tu unapokaribia kiwango, ulizia ADAK, shirika la Kenya la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, kama umo kwenye mpango wa vipimo. Usingoje kuitwa.

Ukiingizwa kwenye orodha ya wanaofuatiliwa, utataja kwa kila siku kipindi cha dakika 60 na mahali utakapopatikana. Makosa matatu ndani ya miezi 12 ni kufungiwa kushindana hadi miaka miwili. Kosa la kawaida Nairobi ni la anwani: plot, geti, ghorofa na namba ya mlango viandikwe, na mlinzi wa geti ajue jina lako halisi.

Dawa za mafua zenye pseudoefedrini na sindano za steroidi za kutuliza maumivu ya viungo zimekatazwa wakati wa mashindano. Mwambie daktari kabla hajakudunga.

Majeraha gani hukatisha taaluma hii?

Msuli wa nyuma ya paja, kano ya kisigino, kinena cha mguu unaofuata, na sehemu ya chini ya mgongo. Liu Xiang, bingwa wa Athens 2004, alishindwa kukimbia Beijing 2008 kwa sababu ya kano ya kisigino, na mwaka 2012 London akaanguka kwenye kiunzi cha kwanza. Kano haiponi kwa kupumzika tu. Inahitaji kuongezewa mzigo taratibu, kwa mfano kushusha kisigino polepole kwenye ngazi, seti 3 za mara 15, kwa wiki 12.

Asubuhi za Julai Nairobi ni baridi. Pasha mwili dakika 35 hadi 40 kabla ya kugusa kiunzi, au sogeza mazoezi hadi saa nne.

Taaluma hudumu hadi umri gani?

Danielle Williams wa Jamaika alikuwa bingwa wa dunia akiwa na miaka 22 mwaka 2015, kisha tena akiwa na 30 mwaka 2023. Aries Merritt alipata shaba Beijing mwaka 2015 akiwa na figo zinazoshindwa kazi, na siku chache baadaye akapandikizwa figo ya dada yake. Cordell Tinch aliwahi kuacha riadha akafanya kazi za kawaida, akarudi, na mwaka 2025 Tokyo akawa bingwa wa dunia kwa 12.99. Mruka viunzi hukomaa polepole kuliko mkimbiaji wa mita 100, kwa hiyo asiyefika 14.00 akiwa na miaka 19 asikate tamaa.

Ninasafiri kwa mara ya kwanza kushindana Ulaya. Nijiandae vipi?

Viza ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15. Ada ya mtu mzima ni euro 90. Omba ya kuingia mara nyingi kama una mbio katika nchi zaidi ya moja, uambatishe barua ya mwaliko ya kila mkutano.

Spaiki zibebe kwenye mkoba wa mkononi, sio kwenye mzigo, ila misumari na ufunguo wake uviweke kwenye mzigo, kwani huchukuliwa ukaguzini. Misumari isizidi milimita 9, na soli ya kiatu isizidi milimita 20. Chukua utepe wa kupimia bloku, chaki, na karatasi yenye vipimo vya bloku zako kwa sentimita, mbele na nyuma. Kwenye chumba cha kuitia wanariadha simu hairuhusiwi, hivyo vipimo vilivyo ndani ya simu havitakufaa.

Ukifika leni yako, hesabu viunzi vyako vyote kwa macho, kisha jaribu kiunzi cha kwanza mara mbili kutoka kwenye bloku. Ukiona kiunzi kimekaa vibaya au kimo chake kinatofautiana na cha jirani, inua mkono umwambie mwamuzi kabla hamjaitwa kwenye mstari.